Vipovu Kumi na Viwili

Leodegari aliondoka nyumbani Jumanne ya pili ya mwezi wa tano, saa moja kasoro asubuhi, akiwa na begi lake la spana na chapati mbili nilizomfungia kwenye gazeti. Alikuwa anakwenda Namtumbo kutengeneza jokofu la chanjo la zahanati moja. Kabla ya kutoka alifanya kama kila siku. Alichuchumaa mbele ya kabati lililo chini ya tangi, akafungua mlango, akatazama vipovu, akanong'ona, akasema, "Kumi na mbili, amina," kisha akainuka huku ameshika goti. Akaniambia nisisahau kuanika mahindi.

Saa nane mchana simu yake ilinipigia, na aliyeongea hakuwa yeye. Alikuwa muuguzi wa ile zahanati. Alisema fundi aliegemea ukuta akakaa chini, akaomba maji ya kunywa, na maji yalipoletwa alikuwa ameshakwenda. Baadaye daktari alisema ni moyo. Mahindi yalikuwa bado juu ya turubai, nusu nimeyageuza, nusu bado.

Ni lazima nieleze hilo tangi, maana si kitu ambacho watu wa Songea wanakijua. Huku bahari hatuna. Leodegari alifanya kazi Dar es Salaam miaka kumi na mbili, fundi wa vyumba vya baridi katika hoteli moja ya pwani. Kwenye mapokezi ya hoteli hiyo kulikuwa na tangi kubwa la kioo lenye matumbawe hai, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kulishughulikia, akajifunza yeye. Hoteli ilipouzwa, mwenye kununua hakulitaka. Leodegari akapewa vipande kumi na kimoja pamoja na barua zake za kibali. Alivisafirisha kwenye mapipa, juu ya lori la saruji, siku moja na nusu barabarani, huku akipuliza hewa ndani ya maji kwa pampu ya betri. Vyote vilifika vikiwa hai. Akajenga tangi la mita moja na nusu kwenye sebule yetu ya Mfaranyaki. Maji aliyatengeneza mwenyewe kwa chumvi maalumu iliyokuja kwa basi, kwenye ndoo zenye mfuniko.

Tumbawe linajenga mfupa wake kwa chokaa iliyo ndani ya maji. Baharini chokaa haiishi. Kwenye kioo inaisha, na ikiisha tumbawe linaacha kukua, kisha linakufa kuanzia chini. Kwa hiyo chini ya tangi kulikuwa na mtambo wa kalsiamu. Ni bomba nene la plastiki, refu kama mkono, limejazwa kokoto za matumbawe yaliyokufa zamani. Maji ya tangi yanapita humo. Gesi, ile iliyo kwenye soda, inaingizwa kidogo kidogo kutoka kwenye mtungi, kipovu kwa kipovu kupitia kichupa cha kuhesabia, maji yanakuwa machachu, yanazila zile kokoto, halafu yanarudi kwenye tangi tone kwa tone yakiwa na chokaa. Gesi ikizidi, maji yote yanachachuka. Ikipungua, mtambo unazunguka bure. Kazi yote iko kwenye koki mbili ndogo, moja ya gesi na moja ya matone, na kila moja ukiigusa kwa upana wa unywele, kila kitu kinabadilika.

Miaka tisa sikuwahi kuzigusa. Nilizoea kuliita tangi hilo mke mwenzangu. Watu wakicheka, Leodegari alikuwa anajibu kwamba huyu angalau hadai vitenge.

Maiti ilifika saa moja jioni. Kufikia hapo nyumba ilikuwa imeshajaa. Viti na meza vilitolewa nje, mikeka ikatandikwa sebuleni, na wanawake wa jumuiya wakaanza rozari. Kama ilivyo desturi, runinga ilizimwa, ikafunikwa kwa kanga. Kisha mtu akaliona tangi, na taa zake za buluu, na samaki wawili wa njano wakicheza ndani. Haikufaa. Shemeji yangu Hironimus, kaka mkubwa wa marehemu, akaagiza nalo lifunikwe kama runinga. Wakazima taa, wakatupia vitenge viwili.

Hironimus ni mtu mwangalifu. Alifungua kabati akakuta mtungi wa gesi.

"Huu unapikia nini humu ndani?" aliuliza.

Mimi nilikuwa chini, kwenye mkeka, miguu imenyooka.

"Watu arobaini watalala hapa, majiko ya mkaa yako mlangoni, halafu mtungi wa gesi uko kichwani kwao? Utolewe."

Akaifunga koki ya gesi, akaifunga na ile ya matone kwa sababu maji yalikuwa yanadondoka na kelele yake ilimsumbua, akaung'oa mtungi kwa spana za mdogo wake, akaupeleka stoo ya nje. Alipotaka kuchomoa na waya wa pampu kubwa, ndipo nikasema neno langu la kwanza tangu nipokee simu.

"Pampu iache, shemeji."

Akaiacha.

Tulimzika Alhamisi. Jirani yetu Biasha, Myao wa kule Namasakata, Tunduru, ni mtani wa Wangoni, na mtani msibani ana ruhusa yake. Alivaa ovaroli la Leodegari juu ya gauni, akachechemea kama yeye, akaenda kusimama mbele ya jeneza na bisibisi mkononi. "Umelala mapema wewe Mngoni, wakati friji yangu bado inavuja. Amka umalize kazi." Watu walicheka hadi wengine wakalia. Mimi sikucheka. Nilimwona kama mtu aliye mbali, ng'ambo ya mto.

Jumapili tulianua matanga. Baada ya watu kuoga na kunyoa, ukoo ulikaa uani. Hironimus akasema nguo na vitu vya marehemu vitazungumzwa arobaini, kama ilivyo kawaida. Halafu akanigeukia.

"Mama Edna, hiki chombo cha sebuleni ni kitu kingine. Mwenye kukijua ameondoka. Hatutaki kije kioze ndani ya nyumba na wewe umo humo peke yako. Arobaini nikikuta kinanuka, tunamwaga maji, kioo anapewa mtu wa kufuga perege. Usinielewe vibaya."

"Nimekuelewa, shemeji."

Edna, binti yetu, ameolewa Mbinga, na alikuwa na mtoto mchanga. Aliondoka kesho yake. Nyumba ilipobaki kimya niliondoa vile vitenge nikawasha taa.

Matumbawe yalikuwa yamejikunja. Yale ya pembe, ambayo huwa na manyoya madogo ukiyatazama kwa karibu, yalikuwa laini kama vijiti vilivyomenywa. La kijani lilikuwa limepauka. Kwenye droo nilikuta vichupa vya kupimia. Nilikuwa nimemwona Leodegari akipima mara mia. Unachota maji kidogo, unatia dawa tone moja moja. Maji yanakuwa ya buluu, halafu tone moja linayageuza kuwa ya njano. Idadi ya matone ndiyo kipimo. Yake ilikuwa nane daima. Ikishuka saba alikuwa hali vizuri chakula cha usiku. Nikatia. Yaligeuka kwenye tone la sita.

Nilikaa chini mbele ya kile kioo. Katika nyumba ile shati lake lilikuwa kwenye msumari, viatu mlangoni, na hakuna kilichonidai chochote. Vingekaa hivyo hata mwaka. Hiki peke yake kilikuwa kinangoja mtu akifanyie kazi yake, na yeye alikuwa amekifanyia kila siku, hata akiwa na malaria. Nikaona kwamba kikimwagwa, nitakuwa nimemwacha afe mara nyingine, tena nikiwa nyumbani.

Majidi, aliyekuwa na karakana moja na marehemu karibu na soko, alikuja kunifungia tena mtungi kwenye mtambo. Alipaka povu la sabuni kwenye maungio, akasubiri, akaona hakuna panapovuja.

"Sasa, mama Edna, tufungulie vipovu vingapi? Mimi nilikuwa napeleka mtungi kujazwa tu. Huku ndani alikuwa haniruhusu kugusa."

"Kumi na viwili."

"Kwa dakika?"

"Kwa Salamu Maria moja."

Majidi alinitazama, akafuta mikono kwenye suruali. "Hapo sasa mimi siwezi kukusaidia," alisema.

Ndivyo ilivyokuwa. Leodegari hakuwa anavaa saa. Alisema saa na spana havipatani. Alihesabu kwa sala. Alianza sala na kipovu cha kwanza, na alipofika amina vilitakiwa viwe vimepita kumi na viwili. Kisha alilinganisha matone yanayorudi kwenye tangi: mawili kwa kila kipovu. Nilimsikia asubuhi zote hizo nikiwa jikoni, na hesabu niliishika bila kukusudia.

Nikapiga magoti, nikasali kama tulivyosali siku zote za msiba. Nilifungua koki ya gesi polepole hadi vikafika kumi na viwili. Nikafungua ya matone, mawili kwa kila kipovu. Ndani ya mtambo kuna kijipima chenye namba za kuonyesha uchachu, na Leodegari alipenda kisome sita na nusu na kidogo. Kesho yake kilisoma hivyo hivyo. Nilifurahi, ikiwa hilo ndilo neno. Nikaona nimeweza.

Baada ya siku tatu nikapima: sita. Baada ya wiki: tano. Pembe ya kwanza ilianza kuvua ngozi kutoka chini, na mfupa mweupe ukabaki wazi kama jino. Kufikia siku ya ishirini tangu msiba matumbawe mawili yalikuwa yamekufa kabisa, na la tatu lilikuwa njiani. Nilirudia kila kitu. Nikadhani labda nasali kwa haraka kwa sababu ya wasiwasi, nikapunguza mwendo. Nilitamka kila neno, nikapumua katikati, na kila asubuhi nikaibana koki kidogo ili vipovu visipite kumi na viwili. Kijipima kilikuwa sawa. Vipovu vilikuwa kumi na viwili. Maji yaliendelea kugeuka kwenye tone la tano. Nikaanza kuamini kwamba kuna kitu alikifanya ambacho sikuwahi kukiona.

Siku ya ishirini na tatu Biasha aliingia na bakuli la uji wa ulezi. Baridi ilikuwa imeshaanza, amejifunga shuka mabegani. Akanikuta kichwa kiko ndani ya kabati.

"Unamsalia nani humo? Mungu wenu amehamia kabatini?"

"Nahesabu."

"Hodi nimepiga mara tatu. Kunywa uji kwanza, umekonda kama bua."

"Ngoja nimalize hii."

Akakaa juu ya ndoo ya chumvi, akanisikiliza hadi mwisho. Nilipofika amina alikuwa ameinamisha kichwa pembeni, kama mtu anayesikiliza redio yenye kelele.

"Hiyo ndiyo sala aliyokuwa anasoma mumeo hapo chini?"

"Ndiyo hiyo."

"Wallahi siyo."

"Biasha, Salamu Maria ni moja tu duniani."

"Maneno siyajui, mimi siyo wa kwenu. Lakini dirisha langu liko pale, miaka tisa. Nikitoka kuswali alfajiri, nikikaa kusubiri maji yachemke, namsikia. Mumeo hakusali hivi. Wewe unasali kama unapandisha mlima wa Matogoro na mtoto mgongoni. Yule alisali kama anafukuzwa na nyuki."

Akaweka bakuli chini. Akachuchumaa, akashika goti la kulia kama alivyokuwa akilishika yeye, akabana pua kidogo, akaanza. Hakuwa na neno hata moja la sala ile, ni mnong'ono mtupu uliokimbia pamoja, mm-mm-mm, ukapanda kidogo, ukashuka. Katikati akakohoa kikohozi kifupi, kile alichokuwa anakohoa Leodegari kila asubuhi palepale, akaendelea bila kupumua hadi mwisho. "Kumi na mbili, amina," akasema kwa sauti ya Leodegari.

Nilicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kilitoka na machozi na makamasi, na sikuweza kukizuia. Biasha akanisubiri. Hakusema pole.

"Rudia," nilimwambia nilipoweza.

"Nirudie mara ngapi? Mtani hulipwa."

"Rudia, nataka kuhesabu."

Akarudia. Nilitazama kile kichupa ambamo vipovu vinapita. Alipofika amina vilikuwa vimepita vitano. Akarudia tena, vitano, na cha sita kikiwa mlangoni. Nikachukua simu, nikaweka saa. Sala ya Biasha ilikuwa sekunde kumi na moja. Kisha nikapima yangu: ishirini na tano. Ni mwendo wa rozari ya msibani, ambao wanawake wanaukokota pamoja uani, na mimi nilikuwa nimeuchukua nikaingia nao kabatini, na kadiri nilivyoogopa ndivyo nilivyozidi kuukokota. Kwa kuwa nililinganisha matone na vipovu, uchachu ulikuwa sahihi. Kilichopungua ni kila kitu kwa pamoja. Nilikuwa nayapa matumbawe chini ya nusu ya chakula chao.

"Basi fungua," alisema Biasha.

"Haifunguliwi yote kwa siku moja. Alikuwa anasema ukiyashtua yanakufa kwa kushiba."

Kwa hiyo tulikwenda kidogo kidogo. Siku ile tuliweka vipovu saba, kesho yake nane, tukapumzika siku mbili, tukaongeza tena. Nilikuwa na saa ya simu na ingetosha, lakini Biasha alikuja kila asubuhi, akachuchumaa, akashika goti. "Mkisikia nimebatizwa, mjue ni hiki kioo," alimwambia mumewe Bakili kupitia dirishani. Bakili akamjibu kwamba wakimbatiza wachague jina fupi.

Siku ya thelathini na moja tulifika kumi na viwili. Siku ya thelathini na tano maji yaligeuka njano kwenye tone la saba.

Arobaini iliangukia Jumamosi. Tulitoka misa ya asubuhi, watu wakala, na saa nane ukoo ukaingia sebuleni kuzungumza. Hironimus hakukaa. Alikwenda kwanza kwenye tangi akainamisha uso hadi karibu na maji, akanusa. Kisha akayatazama matumbawe moja moja, mikono nyuma, kama anavyokagua shamba lake la tumbaku. Manne yalikuwa mifupa. Sikuwa nimeyatoa, sikutaka aone tangi limepambwa. Saba yalikuwa yamefunguka, na kwenye ncha za pembe kulikuwa na weupe mwembamba, mpya.

"Huo weupe ni kuoza?" aliuliza.

"Hapana. Kuoza kunaanzia chini. Huo wa juu ni kukua."

"Na haya?" Alionyesha yale manne.

"Hayo yamekufa."

Watu nyuma yetu walikuwa wanapanga masuti na mashati juu ya mkeka.

"Mama Edna, niambie ukweli. Ni kwa sababu niliufunga ule mtungi?"

Ningeweza kusema hapana. Nilifikiri hivyo, nikamtazama. Alikuwa amezeeka katika hizo wiki sita, kola ya shati ilikuwa kubwa kwa shingo yake.

"Ulifunga gesi, shida ikaanza hapo," nilisema. "Halafu mimi nikaifungua vibaya, shida ikazidi. Watu walikuwa wanalala pale, shemeji. Hata mimi ningeifunga."

Aliitikia kwa kichwa, mara mbili. Akaenda kukaa. Zamu ya vitu vya ndani ilipofika, mjomba mmoja aliuliza kuhusu kioo. Hironimus alijibu kabla sijafungua mdomo. "Kioo kiko na mwenye kukijua. Tuendelee." Wakaendelea na viatu.

Sasa ni mwezi wa pili, mvua inanyesha. Gesi naiweka kwa saa ya simu, sekunde kumi na moja, na kipimo kimekaa kwenye nane tangu mwezi wa tisa, isipokuwa wiki moja umeme uliposumbua. Mifupa ya yale manne niliitoa, nikaiosha, nikaiponda kwa nyundo, nikaitia ndani ya mtambo pamoja na kokoto nyingine. Tumbawe la kahawia lililo upande wa mlangoni limekua hadi pembe yake moja imegusa kioo cha mbele, na ikiachwa hapo itajikwaruza. Majidi ameniazima koleo. Jumamosi nitaikata.